Nyasi Zisizokatwa Novemba

Harufu ya plasta mbichi hunipa njaa. Najua si jambo la kujivunia, lakini ndivyo nilivyo. Mwezi uliopita mwanangu Mutalemwa alivunjika mkono akigombea mpira na wenzake hapa Kibeta tunakoishi, na nilipomrudisha nyumbani na hogo lake jeupe ambalo lilikuwa halijakauka vizuri, niliinama kumkaza kitambaa cha shingoni, pua yangu ikagusa ile plasta. Papo hapo mate yakanijaa. Mtoto analia, mama mtu anameza mate. Mume wangu aliniuliza ninatabasamu nini, nikamjibu kwamba nimekumbuka senene. Yeye si Mhaya, kwa hiyo hakuuliza zaidi. Miaka kumi na mbili ya ndoa imemfundisha kwamba mazungumzo yetu mengi huishia huko.

Ninyi nitawaeleza, maana hii ni habari niliyoifungia moyoni muda mrefu kuliko siri yoyote niliyowahi kupewa.

Nilikulia Buganguzi, upande wa Muleba. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya kibanja, ndani kabisa ya migomba na mibuni, na pale kibanja kilipoishia ndipo ilipoanzia rweya, ule uwanda wa nyasi usio wa mtu mmoja, ambako ng'ombe walichungwa na wanawake walikata nyasi za kutandika ndani. Senene, wale panzi tunaowala, waliipenda rweya. Mvua za vuli zikishakolea, asubuhi moja tu mnaamka mnakuta wameshuka kwa maelfu, wameng'ang'ania majani, mbawa zimelowa umande na hawawezi kuruka mbali. Hapo ndipo mtu wa kwanza kuwaona anapopaza sauti, "Zaagwa!", yaani wameanguka, na kijiji kizima kinatoka na ndoo, vikapu, mifuko ya mito na hata kofia. Jua likipanda, mbawa zinakauka na wao wanaondoka zao. Kwa hiyo mawindo yenyewe yalikuwa ya saa chache, na msimu mzima unaweza kuwa wa asubuhi tano au sita. Ukizikosa, unangoja mwaka mzima.

Kwetu kulikuwa na desturi. Mwanamke alimkamatia senene mwanamume: mke alimkamatia mumewe, binti akamkamatia baba yake. Na mwanamume aliyekabidhiwa kikapu cha senene hakuwa na ujanja, ilimlazimu ajibu kwa nguo mpya. Mama alipata vitenge vyake kwa njia hiyo. Dada yangu Asimwe, aliyenizidi miaka minne, alikuwa ameshapata magauni manne. Nyumbani kwetu msichana aliruhusiwa kubeba kikapu chake mwenyewe akifikisha miaka tisa, na mimi mwaka ule nilikuwa na miaka tisa na miezi miwili.

Hamuwezi kujua jinsi nilivyoungoja mwaka ule kama hamjawahi kuwa mtoto wa pili wa kike. Kila nguo niliyovaa ilikuwa imeshamjua mtu mwingine. Magauni ya Asimwe yalinijia yakiwa yamepauka kwapani na kupanuka kwenye viwiko, maana Asimwe alikuwa na viwiko vikali. Mimi nilitaka gauni la njano lenye mifuko miwili. Nilikuwa nimeshamwambia Tata, baba yangu, kuhusu ile mifuko, naye alinijibu kwa uzito uleule aliotumia kujibu watu wazima: "Lete kikapu, tutazungumza." Kikapu nilikuwa nacho tangu Julai. Nilikisuka mwenyewe kwa kusaidiwa na Bibi, na kilikuwa kimepinda upande mmoja.

Bibi alikuwa mama yake Tata, na tuliishi naye. Ni lazima niwaambie jambo moja kumhusu. Zamani za wazee wetu wanawake waliwakamata senene, wakawanyonyoa, wakawakaanga, lakini hawakuwala. Ilisemwa kwamba mwanamke akila senene atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene mwenyewe. Enzi zetu mwiko huo ulikuwa umekwisha nguvu. Mama alikula, sisi tulikula. Bibi ndiye hakulegea. Bakuli likimfikia alilisukuma pembeni kwa kidole kimoja na kusema, "Chakula cha wanaume." Inasemekana Mama alipokuja kama bibi harusi, alichota senene mbele ya wazee, na Bibi akainuka na kutoka nje, asiseme naye siku mbili. Habari hiyo ilisimuliwa hadi kwa majirani, na Bibi mwenyewe alikuwa akiisimulia kwa fahari.

Sasa, kichwa cha Tata kilikuwa kimechongoka kidogo kwa nyuma. Nilikuwa nakitazama kila Jumapili kanisani kutoka benchi la wanawake. Sikuwahi kujumlisha moja na moja.

Wiki ya mwisho ya Oktoba nilikuwa sishikiki. Mvua ilikuwa imeshanyesha, na kila jioni nilipanda mfenesi wetu kuangalia rweya. Nilikuwa nimesikia kwamba ndege wengi wakizunguka mahali pamoja, ujue hapo senene wapo. Asubuhi moja kabla ya kwenda shule nikapanda, na kweli, ng'ambo ya pili niliona yangeyange weupe wasiopungua mia, wanapaa na kutua, wanapaa na kutua. Nilijaza kifua changu hewa yote ya Buganguzi nikapiga kelele: "Zaagwa! Zaagwa!"

Watu walitoka. Majirani walitoka, watoto waliokuwa njiani kwenda shule waligeuza, mwalimu wao akawafuata nyuma na ndoo ya shule. Nikiwa juu ya mfenesi nilijiona kama mtu aliyeleta Krismasi. Halafu nikawaona wale wa mbele wakisimama, wakatazamana, wakaanza kucheka. Yangeyange walikuwa wanafuata ng'ombe. Ng'ombe wanapokula, vidudu vinaruka kwenye nyasi, na yangeyange huokota. Kila mtoto wa rweya anajua hilo, hata mimi nilijua, ila siku ile tamaa ilinifumba macho. Nilitaka kushuka haraka nijifiche ndani kabla hawajarudi. Mguu ukateleza kwenye gome bichi, na sikumbuki kingine ila sauti kama ya ukuni mkavu.

Mguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti. Tata alinipeleka kwa baiskeli hadi hospitali ya misheni, mimi nimeketi nyuma na mguu umefungiwa ubao, yeye anasukuma, Mama anafuata akisema "haraka haraka haina baraka" kila tulipofika kwenye kilima. Nilirudi na hogo kuanzia vidole mpaka juu ya goti. Walisema wiki sita. Mimi nilihesabu kwa vidole kitandani, nikahesabu tena, na kila mara nilifika Desemba. Msimu wa senene ungeanza na kuisha nikiwa nimelala.

Nililia kwa siku mbili, na sikulia kwa maumivu. Nililia kwa ajili ya mifuko miwili. Watu waliokuja kunijulia hali walinipa pole kwa mdomo uliokuwa unazuia kicheko. "Pole waitu," alisema mama mmoja jirani, "lakini safari nyingine utuitie senene wasio na pembe." Jina likashika. Hata leo nikienda Buganguzi wapo watu wazima wenye vitambi wanaoniita Senene wa Pembe.

Bibi ndiye alikaa nami mchana, Mama akiwa shambani na wengine shule. Alinipa kahawa ya kutafuna, akanipa majivu nijikune nayo juu ya hogo, ingawa mwasho ulikuwa ndani. Hakunibembeleza sana. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye magoti mabovu ambayo aliyazungumzia kama watoto wawili wasiomtii. Kwa sababu ya hayo magoti hakwenda tena rweya. Kila msimu, wote tulipotoka, yeye alibaki kulinda nyumba.

Mwanzoni mwa Novemba ilifika Siku ya Marehemu Wote. Kwa sisi Wakatoliki wa pale, siku hiyo makaburi husafishwa, na kwa kuwa makaburi yetu yako ndani ya vibanja, kila mji ulikuwa na kazi yake. Kaburi la Babu lilikuwa ukingoni kabisa mwa kibanja, migomba inapoishia na rweya kuanza. Lilikuwa la udongo tu, na lilikuwa na nyasi ndefu kama kichwa cha mseja. Mwaka hadi mwaka Bibi alikataa zikatwe kabla ya Krismasi. Magugu aling'oa kwa mkono, nyasi alizichambua na kuziacha. Katekista alipopita mwaka ule kubariki, alisimama pale akakohoa.

"Mama," alisema kwa adabu, "watu watasema mzee hana ndugu."

"Mzee alikuwa anaogopa jua," Bibi akamjibu. "Mwacheni na kivuli chake."

Katekista alifungua chupa yake. Alinyunyiza maji ya baraka juu ya nyasi na kwenda zake. Mimi nilisimuliwa na Asimwe jioni, tukacheka, tukasema Bibi anampenda Babu kiasi kwamba anamfunika asipigwe na jua. Babu alikufa kabla sijazaliwa. Tata alikuwa kijana tu wakati huo, na ndiye aliyekuwa naye siku za mwisho.

Siku kumi hivi baadaye, bado mapema, ukungu umeshika migomba, nikasikia sauti kutoka mbali: "Zaagwa!" Halafu nyingine karibu, na nyingine, mpaka kilima chote kikaitikia. Safari hii hawakuwa na pembe. Nyumba ilipasuka kwa kelele. Asimwe alivaa gauni kinyume. Mama alimfunga mdogo wetu mgongoni. Na Tata, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa kelele, alisimama mlangoni akihimiza kama kondakta: "Wote nje, wote! Asibaki mtu. Bibi atalinda nyumba." Kila mwaka alifanya hivyo.

Lakini mwaka ule alisimama. Alinitazama nilivyolala na mguu wangu juu ya mto, akamtazama Bibi aliyekuwa anachochea moto, akanitazama tena. "Nitambeba Koku," alisema. "Nitamweka kwenye baiskeli, akae pembeni aangalie."

"Umande wote huu?" Mama alisema. "Hilo hogo likilowa ni kurudi hospitali."

Tata alikuna kichwa chake kilichochongoka. "Hata kwa muda mfupi tu?"

"Mwache mtoto," Bibi alisema bila kugeuka. "Nitakuwa naye."

Nilimpenda sana Tata kwa dakika ile. Nilidhani amenionea huruma. Alitoka taratibu, akageuka mara mbili, kisha nikasikia miguu yake ikikimbia kuwafuata wengine, na nyumba ikawa kimya kabisa.

Nilivuta blanketi kichwani. Kutoka rweya zilikuja sauti za watoto wenzangu, vicheko, mtu kaumwa kidole na senene, mtu anaitwa alete ndoo nyingine. Kikapu changu kilichopinda kilining'inia kwenye msumari mbele ya kitanda. Nililia mpaka nikachoka, nadhani nikasinzia kidogo.

Kilichoniamsha ni harufu. Mnaijua ile harufu, wale mnaoijua: senene wanapokaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na chumvi kidogo, na kitunguu kinaanza kuungua pembeni. Nikainua kichwa. Sauti zilikuwa bado rweya. Hakuna aliyekuwa amerudi. Sasa ni nani anakaanga?

Niliteremka kitandani kwa makalio. Nilikuwa nimejifunza mwendo ule: unasukuma kwa mikono, unaburuta hogo, unapumzika. Nilivuka chumba, nikavuka uwazi mdogo wa nyuma, nikafika kwenye kizingiti cha jiko. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo umenielekea, kikaango kidogo jikoni. Aliokota mmoja, akampulizia, akamtia mdomoni. Alitafuna polepole na macho amefumba, kama watu wanavyofumba wakipokea komunyo. Akaokota mwingine.

Hogo langu likagonga kizingiti.

Bibi aligeuka. Shavu lake moja lilikuwa limejaa. Sijui ni nani kati yetu aliyeogopa zaidi. Mimi nilidhani nimeona dhambi. Nilifikiri kuhusu Mama na zile siku mbili za kununiwa, nikafikiri kuhusu mabakuli yote yaliyosukumwa kwa kidole. Bibi alimaliza kutafuna. Hakuweza kutema, hakuweza kumeza haraka, basi alitafuna tu huku tunatazamana, na ilichukua muda.

"Umeona nini?" aliniuliza mwishowe.

"Sijaona kitu, Bibi."

"Unadanganya."

"Ndiyo, Bibi."

Alinitazama sana. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona Bibi kama mtu anayeweza kuaibishwa. Ningesema neno moja tu jioni ile, kijiji kizima kingecheka, na asingeinua tena uso mbele ya mkwewe. Alijua hivyo, na mimi, mtoto wa miaka tisa, nilijua pia. Kisha akasogeza kikaango upande wangu.

"Njoo uonje," alisema. "Sijui kama chumvi imetosha."

Nilionja. Chumvi ilitosha. Tulikula wote, na mimi nikaanza kucheka, na Bibi akaanza kucheka, mpaka akashika magoti yake kwa maumivu.

"Umewatoa wapi?" niliuliza. "Hujaenda rweya."

Alifuta mikono, akaenda chumbani, akarudi na kikapu changu kilichopinda na gunia tupu la kahawa. Akakata jani bichi la mgomba, akaliviringisha kwenye hogo langu kutoka vidole mpaka gotini na kulifunga kwa kamba ya mgomba. Kisha akanikalisha kwenye gunia, akashika pembe zake mbili, akaanza kunivuta kinyumenyume katikati ya migomba, hatua moja, pumzi, hatua moja, pumzi, akiyatukana magoti yake kwa Kihaya. Nilijaribu kumsaidia kwa kusukuma na mikono. Nikikumbuka leo naona aibu: bibi kizee anamburuta mtoto mzima. Siku ile niliona raha tupu.

Tulifika kwenye kaburi la Babu. Na zile nyasi ndefu, zile ambazo katekista alizikoholea, zilikuwa zimejaa senene. Kila jani lilikuwa na wawili, watatu, wa kijani na wa kahawia, wamelowa, wametulia. Pale kulikuwa na kivuli cha migomba upande wa mashariki, kwa hiyo jua lilichelewa kufika, na senene walikaa muda mrefu kuliko rweya yote. Nilimtazama Bibi. Akatazama pembeni.

"Kumbe haogopi jua," nilisema.

"Nyamaza, ukamate."

Nilikamata. Nilijiburuta kuzunguka kaburi lile kama mtoto anayetambaa, huku nasema "samahani Babu" kila nilipoegemea juu yake. Waliniuma vidole, nikafurahi kuumwa. Bibi alikaa chini kando yangu, miguu ameinyosha, anaokota kwa mikono miwili kwa kasi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine mpaka leo. Hapo, akiwa anaokota, ndipo aliponisimulia, na alisimulia kidogo tu.

"Babu yako kila msimu alikuwa mtu wa kushiba haraka," alisema. "Namwekea bakuli, anakula nusu, anasema ameshiba. Ananiambia, 'Hawa kawape kuku.' Nachukua, naenda nyuma ya nyumba."

"Kuku wakala?"

"Kuku hawakuwahi kuonja hata mmoja."

Nilicheka mpaka nikakaribia kumwaga kikapu. Niliona ni ujanja mkubwa, Bibi kumdanganya Babu miaka yote ile. Nikamuuliza kama Babu hakuwahi kugundua. Bibi aliokota senene mwingine, akamweka kwenye kikapu changu.

Kikapu kilijaa mpaka nikakifunika kwa jani. Wengine waliporudi kutoka rweya, nyumba ilikuwa imefagiwa, kikaango kimeoshwa, mimi nimelala kitandani na mguu juu ya mto, na kikapu kipo kifuani pangu. Nilimwita Tata na kumkabidhi kwa mikono miwili, kama Asimwe alivyofanya miaka iliyopita.

"Hawa wametoka wapi?" Asimwe aliuliza, macho yamemtoka.

"Wameshuka nyuma ya nyumba," Bibi alisema. "Mungu hamwachi mgonjwa."

Tata aliinua jani, akatazama ndani. Kulikuwa na majani machache ya nyasi yaliyong'oka pamoja na senene. Alilichukua moja, akalizungusha kati ya vidole, akalitia mfukoni mwa shati. Nilimwona, lakini alisema tu, "Ahsante, mwanangu. Rangi gani ile ulisema?"

Gauni langu lilikuwa la njano, na mifuko yake miwili ilikuwa mikubwa kiasi cha kutosha mapera matatu kila mmoja. Nililivaa Krismasi, nachechemea. Jioni ile Bibi alisukuma bakuli la senene waliokaushwa kwa kidole kimoja, akasema ni chakula cha wanaume, na mimi nikainamisha uso kwenye sahani. Wiki mbili kabla ya hapo, hogo lilipokatwa hospitali, muuguzi alikuta ndani yake mguu mmoja wa senene uliokauka, akaninyooshea kwa kibano na kuniuliza huyu aliingiaje. Chumba chote kilinuka plasta na senene kwa pamoja. Basi sasa mnajua pua yangu ilijifunza wapi.

Bibi aliishi miaka kumi na mitatu mingine. Kila Novemba niliyokuwa nyumbani nilitafuta kisingizio cha kuchelewa kutoka, kichwa kinauma, kiatu kimepotea, na tukala pamoja. Sikumwambia mtu. Alipofariki tulimzika kando ya Babu, na mimi nilisisitiza bila maelezo kwamba nyasi ziachwe. Wote walidhani namuiga tu.

Mwaka jana baba mdogo, aliyejengea maisha yake Dar es Salaam, aliitisha kikao cha familia. Alitaka makaburi ya wazee yajengewe kwa saruji na vigae, kama ya miji mingine, na msalaba wa marumaru. Ni fikra nzuri ya mtoto anayewaheshimu wazazi wake, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kukataa. Mimi nilikuwa nayo moja, nayo haikuwa yangu kuisema. Nilikaa pale nimeshika mikono yangu, najisikia tena kama niliyelala kitandani na kikapu ukutani.

Ndipo Tata akakohoa. Ana miaka themanini na kidogo sasa, haongei sana, na kichwa chake kikiwa hakina nywele kimechongoka wazi kabisa.

"Saruji hapana," alisema.

"Kwa nini, kaka?" baba mdogo aliuliza. "Watu wanatucheka."

"Baba alikataa. Siku anakufa nilikuwa naye peke yangu. Alinishika mkono, akaniambia, 'Msinifunike. Acheni nyasi ziote, na Novemba zisikatwe. Mama yenu anapenda senene, na mimi sitakuwepo kumbakishia bakuli. Siku wakianguka, toeni watu wote nyumbani.'"

Tata alinitazama mimi, si baba mdogo.

"Mwaka ule ulipovunjika mguu," aliniambia, "nilikimbia rweya nzima nimechanganyikiwa, namwaza mama yangu. Nilisema leo hatakula."

"Alikula, Tata," nilimwambia. "Tulikula wote."

Mutalemwa ataondolewa hogo katikati ya Desemba. Amenung'unika kwamba atakosa senene, na mimi nimeshatafuta gunia la kahawa la kumkalisha kwenye zile nyasi za Babu na Bibi.